Unataka kusomea udaktari Uganda? Usiulize pointi ngapi, uliza pointi ziko wapi

Kila matokeo ya S6 (kidato cha sita) yakitoka, kwenye Februari ama Machi hivi, kibanda changu cha fotokopi na intaneti hapa Busia, mpakani na Kenya, kinajaa watu tangu asubuhi na swali ni lile lile: "Kaka, nina pointi kumi na sita, nitapata medisini?" Na mi jibu langu ni lile lile, nionyeshe slipu ya matokeo kwanza. Sababu pointi kumi na sita za huyu na kumi na sita za yule si kitu kimoja kabisa, na watoto wengi wanakuja kujua hivyo wakati fomu tayari imeingia na pesa ya fomu imeshakwenda. Mi si daktari, niseme mapema, mi najaza fomu tu, lakini nimezijaza miaka mingi na mdogo wangu wa kike nilimjazia mwenyewe na sai anasoma huko Mbarara, kwa hiyo haya nimeyapitia kama mzazi na kama mwenye kompyuta.

Tuanze na geti la chini kabisa. Ili chuo kikuu chochote cha Uganda kikuangalie unatakiwa uwe na UCE, ule mtihani wa S4, yenye pasi angalau tano, na UACE, ule wa S6, yenye prinsipo angalau mbili ulizopata kwa mtihani mmoja, yaani mkao mmoja. Prinsipo ni kuanzia A mpaka E, ukipata O ama F hiyo si prinsipo. Kwa udaktari, ule wa MBChB, hizo prinsipo mbili haziwezi kuwa za masomo yoyote tu, ni Biolojia na Kemia. Hapo hakuna kubembeleza. Aliyesoma PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) akapata A tatu anaweza kwenda uinjinia na tukampigia makofi, ila udaktari hana, kwa sababu Biolojia haiko kwenye slipu yake. Ndo maana mi nasema hii kazi inaanza S5 siku ya kuchagua kombi, yale masomo yako matatu makuu, sio siku ya matokeo. PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na BCM (Biolojia, Kemia, Hesabu) ndo njia zilizonyooka. Ukiwa BCA ama BCG, yaani la tatu ni Kilimo ama Jiografia, si kwamba umefungiwa, lakini lile somo lako la tatu vyuo havilitazami sawa, uliza kila chuo kabla hujalipa.

Sasa geti la pili, lile linalotoa watu machozi: uzito. Watu wa chuo wanauita weiti. Pointi za UNEB, lile baraza la mitihani, ziko hivi, A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1, halafu GP (General Paper) ukiipita 1 na ile sabu yako, somo dogo la ICT ama la hesabu, 1, ndo unapata ile 20 ya juu kabisa. Lakini chuo cha umma kikikaa kupanga watu wa medisini hakipangi kwa hiyo 20. Biolojia na Kemia yanaitwa masomo ya lazima na kila moja linazidishwa mara 3. Somo la tatu, Fizikia ama Hesabu, linazidishwa mara 2. GP na sabu zinabaki mara 1.

Juzi juzi walikaa vijana wawili kwenye benchi langu, shule moja, darasa moja, PCB/ICT wote, pointi 16 kila mmoja, wamekuja na chapati zao wanacheka. Nikachukua nyuma ya karatasi ya fotokopi iliyoharibika nikapiga hesabu mbele yao. Wa kwanza ana Biolojia A, Kemia B, Fizikia D. Sita mara tatu 18, tano mara tatu 15, tatu mara mbili 6, jumla 39, ongeza GP na ICT zake mbili inakuwa 41. Wa pili ana Fizikia A, jamaa alikuwa anaipenda Fizikia kama nini, Biolojia B, Kemia D. Sita mara mbili 12, tano mara tatu 15, tatu mara tatu 9, hiyo ni 36, na zile mbili inakuwa 38. Tofauti ya uzito 3 kati ya watu wenye pointi sawa! Na kwenye medisini watu wanaachwa kwa sehemu ya pointi moja, sio tatu. Yule wa pili aliitazama ile karatasi mpaka chapati ikapoa. Nikamwambia ukweli, kama angetoa masaa ya Fizikia akayapeleka kwenye Kemia, hata ile practical peke yake, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Kwa hiyo we uliye S5 sai unasoma hii, ukibaki na saa moja usiku na hujui ushike kitabu gani, shika Kemia. Nasema Kemia kwa sababu kwenye slipu ninazoziona hapa ndo inayowaangusha wengi, Biolojia watu wanaisoma wenyewe kwa mapenzi.

UCE nayo inahesabiwa, watu wanasahau. Kwa wale wa mtaala wa zamani kila distinkshen ya S4 inaleta 0.3, kredit 0.2, pasi 0.1. Inaonekana ni vijisenti, lakini mwenye distinkshen sita na kredit mbili ana 1.8 jumlisha 0.4, hiyo ni 2.2, na mwenye kredit nane ana 1.6. Hiyo 0.6 ndo imewaacha watu nje ya orodha. Wale mliofanya UCE ya mtaala mpya, iliyoanza na mtihani wa 2024 wenye herufi A mpaka E, jedwali lenu ni tofauti na la kaka zenu, msipige hesabu kwa distinkshen, soma jedwali lililo kwenye tangazo la mwaka wako.

Wasichana wana 1.5 ya ziada kwenye vyuo vya umma, utaratibu ulioanza Makerere 1990. Wavulana huwa wananilalamikia mi kana kwamba nimeiweka mwenyewe. Mdogo wangu hiyo 1.5 ilimbeba, siifichi, na leo yuko wodini anafanya kazi sawa na wenzake.

Halafu kuna katofu. Watu wanakuja na picha ya WhatsApp "katofu ya medisini Makerere" ya mwaka sijui gani, wanataka niwahakikishie. Katofu haipangwi mapema bana. Chuo kinapanga watu kuanzia mwenye uzito mkubwa kushuka chini, nafasi zikiisha, uzito wa yule wa mwisho aliyeingia ndo unaitwa katofu. Mwaka watoto wakifaulu sana inapanda, mwaka mtihani ukiwa mgumu inashuka. Ile ya mwaka jana itumie kujua uko mtaa gani tu. Na ya gavamenti (serikali inakulipia) ni juu zaidi ya ya praiveti (unajilipia), chuo kile kile, darasa lile lile, mhadhara ule ule, tofauti ni nani analipa karo.

Gavamenti inachukua watu karibu 4,000 kwa mwaka, na hiyo ni vyuo vyote vya umma na kozi zote, sio udaktari peke yake. Robo tatu hivi inakwenda kwa ushindani wa nchi nzima, halafu kuna mgao wa wilaya, kuna nafasi 64 za watu wenye ulemavu na 40 za wanamichezo. Kwa mgao wa wilaya, andika wilaya yako ya kweli. Nimeshaona mzee mmoja amekuja na barua ya chemani wa kijiji ambacho mtoto wake hajawahi kulala hata usiku mmoja, nikamrudishia karatasi zake. Hivyo vitu vinachunguzwa, na wilaya husika ndo yenyewe inapiga kelele.

Kwenye kupanga chaguo, hapa ndo naombea watu wanisikilize. Kama unataka MBChB weka MBChB namba moja, ukiiweka namba tatu chini ya famasia umejiambia mwenyewe kwamba famasia ndo unaitaka zaidi, na ukifaulu famasia utapewa famasia. Lakini usijaze chaguo zote na medisini za vyuo vitano kama huna uzito wa kushindana, weka medisini, halafu udaktari wa meno, famasia, nasing ya digrii, radiografia, kitu ambacho ukipewa hutalia. Na usiishie Makerere tu. Makerere ndo mkongwe, shule yake ya udaktari iko Mulago tangu 1924, kwa hiyo wenye A nyingi wote wanakimbilia huko. Kuna Mbarara (MUST), kuna Gulu, kuna Busitema ambayo udaktari wake uko Mbale na kwetu sisi wa mashariki ni karibu, kuna Soroti, kuna Kabale. Upande wa vyuo vya praiveti kuna KIU (Kampala International University) pale Ishaka, Bushenyi, ambako utasikia Kiswahili mpaka ujisahau uko magharibi ya Uganda, kuna IUIU (chuo cha Kiislamu), kuna UCU (chuo cha Kikristo) ambao wanafunzi wake wa udaktari wako hospitali ya Mengo, ile ya tangu 1897.

Kabla hujalipa hata shilingi kwa chuo chochote angalia vitu viwili. Kwanza NCHE, lile baraza la elimu ya juu, linaidhinisha kozi moja moja, sio chuo kizima kwa pamoja, na idhini ina mwisho wake. Mwaka 2023 kulikuwa na kelele kubwa nchini watu walipogundua kozi nyingi idhini zimepitwa na tarehe. Fungua tovuti yao, tafuta jina la chuo, tafuta jina la kozi, angalia hali yake. Pili, UMDPC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, ndo watakaokupa leseni baada ya miaka mitano ya darasa na mwaka mmoja wa intanship. Kama shule yako wao hawaitambui, ile digrii utaitundika ukutani tu. Ukikuta afisa wa chuo anakwambia "hiyo tunaishughulikia", chukua begi lako.

Haya, fomu. Siku hizi ni mtandaoni, unafungua akaunti kwa barua pepe na namba ya simu, unajaza, mfumo unakupa PRN, ile namba ya malipo, unalipa benki ama kwa mobile mani. Tafadhali, barua pepe iwe YAKO na paswedi iandike kwenye daftari. Kuna kijana nilimfungulia barua pepe hapa, paswedi akachagua mwenyewe, akaenda zake kijijini Namayingo, chuo kikamtumia ujumbe alete karatasi moja iliyokosekana, paswedi ameisahau, laini ya simu ilikuwa ya binamu yake na binamu ameshahamia Juba. Tuliingia siku tatu baada ya tarehe. Tangu siku hiyo kila mteja wangu naandika kwa kalamu nyuma ya risiti yake: barua pepe, paswedi, PRN. Wengine wananiona kama mzee msumbufu, sawa.

Pia usingoje siku ya mwisho. Siku ya mwisho mtandao wa chuo unazunguka tu kile kiduara, umeme unakatika, na mi mwenyewe nimechoka nakosea herufi.

Karatasi za kuandaa ni slipu ya UACE, slipu ama cheti cha UCE, kitambulisho cha taifa ama ile NIN, namba ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, picha pasipoti. Skani asilia, sio fotokopi ya fotokopi iliyopigwa picha kwa simu mezani kukiwa na kivuli cha kichwa chako. Lakini kikubwa kuliko vyote ni MAJINA. Mdogo wangu, shule aliyofanyia S4, siitaji, waliandika jina lake la pili kwa "s" moja wakati wa kusajili UNEB, S6 shule nyingine ikaandika "ss" mbili, kitambulisho kina jina la baba ambalo halipo kwenye slipu yoyote. Kwenye fomu mtandaoni ilipita vizuri tu. Siku ya kuripoti, dirisha la kukagua asilia, mama mmoja ana miwani alizipanga zile karatasi tatu pembeni pembeni, akaziangalia, akauliza kwa upole kabisa, "hawa ni wasichana wangapi?" Tukarudi kutafuta wakili, kiapo, mhuri, nauli, usiku mmoja lodji, na mama yetu nyumbani anauza mukene (dagaa) sokoni ili kulipa haya yote. Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, toa karatasi zako uzipange hivyo hivyo pembeni pembeni, soma herufi moja moja. Kama ziko tofauti anza sai kutengeneza, NIRA, mamlaka ya vitambulisho, kwa upande wa kitambulisho na wakili kwa kiapo. Na kama uko S3 ama S5, siku shule inabandika orodha ya usajili wa UNEB ukutani nenda ukaisome, usimtume rafiki.

Sisi wa mpakani tunapata na wenzetu wa nje. Mkenya mwenye KCSE, mtihani wao wa form four, peke yake anashangaa, ana A nzuri za Biolojia na Kemia halafu chuo kinamwambia bado. Ni kwa sababu Uganda inahesabu ile miaka miwili ya S5 na S6, na form four ya 8-4-4 haina hiyo. Njia yake ni kusoma kwanza cheti cha kuingilia elimu ya juu, HEC, upande wa sayansi za baiolojia, kwa chuo ambacho NCHE imekiidhinisha kukifundisha. Mtanzania mwenye form six ya PCB yuko karibu zaidi na sisi, lakini kwao TCU, tume yao ya vyuo vikuu, wanataka achukue barua ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kwenda kusoma nje, achukue mapema. Ndugu zetu Wakongo, pamoja na walio kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyangwali, wana Diplôme d'État ya Kifaransa, hiyo itafsiriwe rasmi kwa Kiingereza kwanza. Wote hao vyeti vya sekondari wanapeleka UNEB kulinganishwa na vya hapa, na kama ni diploma ama digrii ya nje inakwenda NCHE. Hiyo kazi ya kulinganisha ina ada yake na muda wake, wengi wanaiacha mpaka chuo kinawauliza, na hapo tarehe imebaki wiki.

Kuna watu nao wanauliza, mi sikupata uzito, nirudie S6? Kurudia inaruhusiwa, ila kumbuka lile neno mkao mmoja. Huwezi kuchukua Biolojia A ya mwaka jana ukaunganisha na Kemia A ya mwaka huu, unarudia yote na unaweza kushuka pale ulipokuwa juu. Mi ningekushauri urudie kama ulianguka somo moja kwa sababu inayojulikana, uliugua, ulifiwa, sio kwa sababu ya hasira.

Njia nyingine ni diploma, hasa ile ya kliniko ofisa, miaka mitatu, kisha unaomba MBChB kwa nafasi za wenye diploma. Tangazo lake linatoka peke yake, mara nyingi kabla ya lile la wa S6, wengi hawalioni. Watataka transkripti, usajili wako kwenye baraza la taaluma yako, na chuo kingine kinataka uwe umefanya kazi kwanza. Nafasi ni chache na wanaoshindana ni watu waliokwisha shona vidonda kwa mikono yao, kwa hiyo alama za diploma nazo ziwe nzuri. Ukiichagua hii njia usione ni ya waliofeli, hawa ndo huwa hawaogopi damu mwaka wa tatu.

Pesa, nitasema kifupi kwa sababu inauma. Praiveti ni mamilioni kila semista, mara kumi, sababu miaka ni mitano. Kaeni na mzee, mjomba, shangazi, mpige hesabu ya miaka yote sio ya semista ya kwanza, nimeona watu wameuza shamba likaisha mwaka wa pili. Mganda anaweza kuomba mkopo wa HESFB, ile bodi iliyoanza kutoa mikopo 2014, inalipa karo, ada za chuo na za utafiti, lakini chakula na chumba ni juu yako. Uliza pia wilaya yako, msikiti, kanisa, mbunge, na ukiuliza nenda na slipu na barua ya kukubaliwa mkononi.

Na jambo moja la mwisho ambalo haliko kwenye tangazo kwa herufi kubwa. Ukipata nafasi utapewa fomu ya kupimwa afya, na huko wodini utagusa damu. Chanjo ya homa ya ini B ni sindano tatu, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Hesabu mwenyewe, ukianza Agosti siku ya kuripoti unamaliza mwaka unaofuata, ukianza wiki hii ukiwa bado unasubiri matokeo unafika chuo umebakiza moja ama umemaliza kabisa. Nenda kituo cha afya upimwe kwanza, kisha uchome, na ile kadi usiitupe, ilete hapa niiskani pamoja na zingine.